Sauti Zinazotangulia Kuondoka

Ngarenaro, Arusha
14 Januari 2024

Kwa mwanangu Salwa,

Assalamu alaykum. Mimi mjomba wako ni mzima wa afya, na ninaomba barua hii ikukute huko Dodoma ukiwa salama na umeshiba. Anti yako Batuli anakusalimia sana. Ameanza kufuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, na tangu hapo hana habari nyingine. Tukila ni kuku, tukilala ni kuku. Mama yako nimepata salamu zake kupitia mgeni aliyetoka Kondoa. Anasema mahindi yamestawi na mguu hauumi tena. Huku mvua haijakatika, na Mlima Meru hatujauona siku nyingi. Umo ndani ya mawingu kama bibi harusi anayejifunua akipenda.

Nimesikia umemlalamikia anti yako kwamba ukinipigia simu sipokei, na nikipokea najibu mambo ambayo hukuuliza. Mwanangu, mtandao wa Ngarenaro siku hizi ni wa ovyo. Mtu anaongea kama yuko ndani ya pipa. Na hizo meseji vidole vyangu haviziwezi, vitufe ni vidogo kama punje za mtama. Wewe niandikie barua kama ulivyokuwa ukiandika ulipokuwa bweni. Mpe kondakta wa basi la Arusha, mimi nitaifuata stendi.

Kiwandani tumefungiwa mashine mpya ya misumari. Waya unaingia upande mmoja, unanyooshwa, unakatwa, unagongwa kichwa, na misumari inamwagika kama mvua ya mawe. Wageni wakiingia ukumbini wanaziba masikio na kukunja uso. Mimi nasimama katikati ya mashine zote kama niko sebuleni kwangu. Juzi msimamizi aliwaambia vijana wapya, "Mtazameni Mikidadi, masikio yake yameshakomaa." Nikacheka, lakini ni kweli. Miaka yote hii, yamezoea.

Madrasa bado nafundisha kila siku baada ya alasiri. Watoto ni wengi, alhamdulillah, ila watoto wa siku hizi wanakula herufi. Ukimwambia soma thaa, anakusomea siin. Nyinyi nilipowafundisha hamkuwa hivyo.

Niambie hasa unasomea nini huko. Anti yako anasema masikio. Nikamwambia haiwezekani, muuguzi mzima hawezi kuondolewa wodini akasomee masikio.

Wako akupendaye,
Mjomba Mikidadi


Dodoma
4 Februari 2024

Kwa Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo Mjomba. Waalaykum salaam. Barua yako ilinifikia ikiwa imekunjika na inanuka mafuta ya basi, nikaisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Mimi ni mzima. Dodoma ni vumbi na upepo, na maji ya hapa yananiacha na kiu. Nakumbuka ndizi za Anti. Mwambie kuku mmoja ni wangu.

Ndiyo Mjomba, nasomea masikio, na muuguzi mzima nimeondolewa wodini. Hata mimi nilidhani nitachoka baada ya wiki moja. Sasa naona hata umri wangu wote hautatosha.

Hapa tuna chumba kidogo cha kupimia, kuta zake zimejazwa sufi na mlango wake ni mnene kama wa jokofu. Siku ya kwanza mwalimu wetu alinifungia humo peke yangu. Mwanzoni sikusikia chochote. Baadaye nikasikia kitu kinasugua, kumbe ni kope zangu zikigusa kitambaa cha mtandio. Nikasikia damu yangu ikipita shingoni. Nilitoka nikiwa na machozi na sikujua kwa nini.

Mjomba, ndani ya sikio kuna mifupa mitatu, na ule wa mwisho ni mdogo kuliko punje ya mchele. Nyuma yake kuna kitu kimejiviringa kama konokono, kimejaa maji, na ndani ya maji hayo kuna seli zenye vinyweleo ambavyo huwezi kuviona kwa macho. Sauti ikiingia, vinatikisika. Sauti ndogo kabisa ambayo binadamu anaweza kuisikia huitikisa ngoma ya sikio kwa kiasi kidogo mno, hata chembe ya vumbi mbele yake ni jabali. Na sikio hilo hilo linapokea radi! Kati ya sauti ile ndogo na ile inayoumiza, nguvu inazidi mara milioni, halafu hiyo milioni mara milioni nyingine. Nilipoambiwa hivyo niliweka kalamu chini nikasema subhanallah kwa sauti, darasa zima likanigeukia.

Lakini seli hizo tunazaliwa nazo zikiwa zimehesabiwa. Zikifa kwa kelele, hazioti tena. Cha ajabu, kwa kuku zinaota. Kuku wa Anti Batuli akiharibiwa masikio na kelele leo, baada ya majuma kadhaa anasikia tena. Sisi hatukupewa hilo.

Ndiyo maana neno lako la "kukomaa" lilinikosesha raha. Kiganja kinaota sugu kwa kazi na sugu inakilinda. Sikio halina sugu. Mtu akiona kelele haimsumbui tena, mara nyingi ni kwa sababu sehemu ya kusumbuliwa imekufa.

Anti alinipigia Ijumaa akiwa hapo hapo barazani, nikamsikia vizuri mpaka na jogoo wake. Mtandao ulikuwa mzuri. Sisemi kitu, Mjomba. Nauliza tu: ukishika simu, unaweka sikio lipi?

Ni mimi mtoto wako,
Salwa


Ngarenaro
21 Aprili 2024

Kwa Salwa,

Salamu nyingi, na Idi iliyopita iwe ya heri kwako. Usinilaumu kwa kuchelewa, Ramadhani ilikuwa na mambo mengi na baada yake mvua ikaja kwa hasira. Barabara ya kuja kwetu iligeuka mto, anti yako akahamishia kuku jikoni. Hatukufikwa na baya. Jirani yetu fundi seremala amepata mjukuu. Mama yako ametuma karanga.

Habari zako za masikio nilizisoma nikamsomea na anti yako. Alitoka nje akamtazama kuku kwa heshima mpya kabisa.

Kiwandani tumepata binti anaitwa Nashipae, ametoka juu huko Sambasha, upande wa magharibi wa mlima. Yeye yuko kwenye mashine ya pili kutoka kwangu. Huyu binti kaja na viziba masikio vyake mwenyewe, vya sponji, anaviviringa kwa vidole anavitia masikioni kabla ya zamu. Watu wanamcheka. Wanamwita "Mama Pamba". Hata mimi nilicheka, na nilimwambia ukweli: "Binti, mashine inasikilizwa. Beringi ikianza kuchoka, fundi anaisikia kabla haijavunjika. Wewe utaisikiaje ukiwa umejiziba?" Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, mimi nikiziba ndiyo naisikia." Nikaondoka. Vijana wa siku hizi wana majibu.

Hebu uliza walimu wako hilo. Mtu aliyejiziba anasikiaje?

Mengine ni salama.

Mjomba wako,
Mikidadi

Nimesahau. Kuna rafiki yangu mmoja anauliza: hizo sauti, kama zinaondoka, huwa zinatangulia zipi?


Dodoma
5 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nashukuru Mungu mafuriko hayakuwadhuru. Mpe pole Anti kwa kulala na kuku, na hongera kwa fundi seremala. Mimi nimefaulu mtihani wa kwanza, mwambie na Mama ukipata mtu wa kwenda Kondoa.

Naanza na rafiki yako.

Mwambie zinatangulia sauti nyembamba. Nzito zinabaki. Kwa hiyo anayepungukiwa haoni kama amepungukiwa: gari anasikia, ngoma anasikia, adhana anasikia, mlango ukigongwa anasikia. Kinachopotea ni ndege, nyenze, kengele ndogo, na katika maneno ya watu ni zile herufi za upepo: siin, thaa, faa, shiin. Anasikia watu wakiongea lakini maneno hayana ncha. Basi huwadhania watu wanamung'unya. Humwambia mkewe, "Sema vizuri." Huchukia simu. Na watoto wakizungumza, ambao sauti zao ni nyembamba kuliko za watu wazima, ndipo anapopotea kabisa.

Mwambie rafiki yako hakuna aibu yoyote katika hili. Nimekaa na wachimbaji, wasaga nafaka na mpiga tarumbeta wa bendi. Wote walisema walidhani ni watu wengine ndio wamebadilika.

Sasa suala la mashine. Nashipae hakukosea. Sikio likifurikwa na kelele huzidiwa, kama jicho linalotazama jua. Ukivaa miwani nyeusi mbele ya jua, unaona vizuri zaidi. Kiziba hakifuti sauti, kinazishusha zote. Kwa mwenye masikio mazima, sauti ya beringi mbovu inaweza hata kujitokeza zaidi. Kwa aliyekwisha pungukiwa ni vigumu kidogo, sitakudanganya, inabidi ajifunze upya, atumie na mkono. Lakini asipojiziba, hata hicho kilichobaki kitakwenda.

Kitu kimoja kimenishangaza kuliko vyote. Sikio lenyewe linatuficha ukubwa wa kelele. Ukiongeza nguvu ya sauti mara kumi, sikio linakwambia imeongezeka kama mara mbili tu. Mara mia, linakwambia kama mara nne. Ni rehema, la sivyo dunia isingevumilika. Lakini ni rehema inayomdanganya mfanyakazi, maana mwili wake unapokea mara mia na yeye anahisi nne. Kama mtu uliye naye umbali wa mkono inabidi umpigie kelele ili akusikie, hapo mahali panakula masikio.

Nimemkabidhi kondakta boksi. Kuna vifunika masikio vya kuvaa kichwani, na viziba vya sponji. Cha sponji unakiviringa kiwe chembamba, unapitisha mkono mwingine juu ya kichwa unavuta sikio juu na nyuma, unakitia, unakishikilia mpaka kivimbe. Rafiki yako anaweza kutumia pia.

Salwa wako


Dodoma
18 Juni 2024

Mjomba, shikamoo,

Idi Mubarak. Sijapata barua yako tangu mwezi wa nne. Anti anasema mko salama na umechinja, na kwamba boksi liko juu ya kabati halijafunguliwa. Anasema pia umeacha kwenda madrasa, na hakutaka kunieleza zaidi.

Siulizi. Nakutumia tu salamu, na tende kidogo.

Salwa


Ngarenaro
28 Julai 2024

Kwa mwanangu Salwa,

Assalamu alaykum warahmatullah. Anti yako mzima, kuku wameongezeka, mama yako hajambo. Baridi ya Julai imetushika, tunavaa makoti mpaka adhuhuri. Tende zako tulikula. Nakushukuru kwamba hukuuliza, na kwa sababu hukuuliza nitakwambia.

Mwanzoni mwa Juni madrasa ilifanya mahafali. Wazazi walijaa, ukumbi ukapambwa. Mwanafunzi wangu bora alikuwa mtoto Twahira, ana miaka kama tisa hivi, sauti yake ni ya pekee. Akasimama kusoma. Akafika penye thaa, nikasikia siin. Nikamkatiza: "Rudia." Akarudia. Nikasikia siin. "Ulimi, mtoto! Toa ulimi!" Akarudia tena, machozi yanamlengalenga, na mimi mbele ya wazazi wake nikamwambia, "Kaa chini, hukujiandaa." Ustadh Muzammil, unamkumbuka, yule mwenzangu, akaniinamia akanisogezea mdomo sikioni: "Mwalimu, mtoto amesoma sawa. Mara zote tatu."

Nikawatazama watu. Kila uso ulikuwa unajua, Salwa. Ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui.

Nikamwambia Muzammil achukue darasa. Sikurudi. Nyumbani sikumwambia anti yako, akaambiwa sokoni.

Boksi lako nililitazama kila siku. Nilijiambia nikilifungua nitakuwa nimekubali.

Basi Jumamosi ya tarehe ishirini wazazi wa Nashipae walifanya sherehe ya shukrani, mama yake aliugua sana akapona. Alitualika wote wa zamu yetu. Sikutaka kwenda, anti yako akanitoa kwa nguvu. Ni juu sana, mashamba yanaishia na msitu unaanzia hapo. Ni Walutheri, lakini walikuwa wametenga mbuzi kwa ajili yetu Waislamu na wakanipa kisu nichinje mwenyewe. Watu wa heshima sana.

Baada ya chakula nilikaa nje kwenye nyasi na mama mwenye nyumba, jina lake Naisula. Mawingu yalikuwa yamefunga toka asubuhi. Ghafla yakapasuka, na mlima ukasimama mbele yetu, mzima, karibu mno, mweusi kwa miamba na juu umepakwa jua. Hapakuwa na mashine, hapakuwa na pikipiki, hapakuwa na upepo. Nikamwambia yule mama, "Nyenze wenu wa huku hawachoki kulia."

Akaniuliza, "Nyenze gani?"

"Hawa. Wanalia toka tumekaa."

Akatega sikio. Akamwita mumewe, Mzee Lengai, naye akatega, kwa heshima tu, naona, kwa kuwa mimi ni mgeni. Kisha mama akasema taratibu, "Baba, huku hakuna nyenze. Ni baridi mno kwao. Hapa kuna ndege tu." Akaninyooshea kidole kwenye kichaka mbele yetu, hatua chache. "Yule. Husikii anavyoimba?"

Salwa, nilimwona. Ndege mdogo kuliko kidole changu gumba, kifua kinang'aa kijani. Alikuwa ameinua kichwa, mdomo wazi, koo linatetema, mwili wote unatikisika kwa nguvu ya wimbo. Wote pale walikuwa wanamsikiliza, mpaka watoto. Na kwangu mimi hakikutoka chochote. Aliimba kimya. Nikaziba masikio yangu kwa viganja, na wale nyenze wakaendelea kulia vile vile, ndani.

Nimesimama chini ya mlima ule miaka yote ya maisha yangu. Siku hiyo kilichonitetemesha si mlima. Nilijiuliza ni vitu vingapi vimekuwa vikiimba mbele yangu, na mimi nikidhani dunia imenyamaza.

Nilirudi nikafungua boksi. Jumatatu nilivaa. Sikuweza kutia vile vya sponji, kila nikivitia vinatoka, Nashipae akaja akanivutia sikio kama mtu anayemvalisha mtoto. Wale waliokuwa wanamcheka hawakucheka. Mashine zikawashwa, na ukumbi ukasogea mbali, kama mvua kwenye bati la jirani. Nikaweka kiganja kwenye mwili wa mashine. Niliihisi yote, beringi hadi nyundo. Zamu ilipoisha niligundua kwamba kichwa hakinigongi. Sikuwa najua kwamba kila siku kilikuwa kinanigonga.

Yule rafiki yangu ni mimi. Nadhani ulijua.

Naogopa, mwanangu. Niambie ukweli wote.

Mjomba wako,
Mikidadi


Dodoma
6 Agosti 2024

Mjomba wangu, baba yangu,

Shikamoo. Sitaandika salamu nyingi leo, nisamehe, natumaini tu wote hamjambo. Barua yako niliisoma nje ya kliniki nikashindwa kuingia kwa muda.

Ukweli wote ni huu. Zile seli zilizokufa hazitarudi. Dawa za kuzirudisha hazipo, na atakayekuuzia matone ya kurudisha usikivu mkimbie. Wale nyenze wa ndani wanaweza wasiondoke, ila wengi huwazoea, na ukilinda masikio wanapungua ukali. Lakini Mjomba, sikia na upande wa pili: zilizobaki ni zako, na kelele ikizuiliwa leo, uharibifu wake unasimama leo. Hausubiri.

Nenda hospitali ukapimwe hapo hapo Arusha, usisubiri mimi nije. Kwanza watatazama kama kuna nta au ugonjwa mwingine. Kisha watakuweka kwenye chumba kama kile changu. Usijitahidi kuonekana shujaa, usiposikia, usibonyeze. Na kuna vifaa vidogo vya kuvaa sikioni vinavyokuza zile sauti nyembamba tu. Havirudishi sikio la ujanani. Ila vinasaidia.

Kuhusu kiwanda: vifunika masikio ni ngao ya mwisho. Kwanza kelele yenyewe inatakiwa ipunguzwe pale inapozaliwa, na huo ni wajibu wa mwenye kiwanda. Wapo wakaguzi wa usalama kazini, wana kipimo chao. Ombeni waje. Usiende peke yako, nendeni zamu nzima.

Na Twahira, Mjomba. Thaa ni herufi inayoonekana. Ulimi unachungulia kati ya meno. Macho yako ni mazima.

Nakupenda sana.

Salwa


Ngarenaro
3 Novemba 2024

Kwa mwanangu Salwa,

Assalamu alaykum. Sisi sote wazima kwa rehema za Mungu. Mama yako alikuja akakaa nasi wiki mbili, akagombana na jogoo, akarudi. Mvua za vuli zimegusa kidogo, mlima asubuhi unaonekana mpaka mabonde yake. Mjukuu wa fundi seremala sasa anakaa mwenyewe. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka nikuandikie mambo yaliyokwisha, si yanayoendelea.

Nilipimwa. Aliyenipima ni mama mmoja mpole, Aikande, akanivalisha vifaa vya kichwani akanipa kitufe. "Ukisikia, hata kama ni kidogo kama ndoto, bonyeza." Sauti nzito zilikuja kama wageni ninaowajua. Zikawa zinapanda, zinakuwa nyembamba, na katikati mahali fulani zikakatika. Nilikaa mle nikimtazama kupitia kioo. Niliona mkono wake unageuza swichi, unageuza, unageuza, nikajua kwamba sauti zinapita kwangu moja baada ya nyingine na mimi sizisikii. Kisha, kwa mbali sana, juu kabisa, moja ikanifikia, nyembamba kama unywele. Tii. Nikabonyeza kwa nguvu mpaka kidole kikauma. Mama Aikande akainua uso akatabasamu. Haikuwa imekwenda yote! Sijui kama kuna sauti niliyowahi kuipenda kama ile.

Kiwandani tulikwenda zamu nzima, Nashipae ndiye aliyesema, mimi nilisimama nyuma yake. Meneja hakukasirika kama nilivyoogopa, ila alisema kelele ni ya kawaida. Mkaguzi akaja, anaitwa Hanna, na kipimo chake mkononi. Uani kilisoma desibeli sitini na tano. Kati ya mashine kikasoma tisini na nane. Meneja akasema, "Mbona tofauti ni ndogo? Haijafika hata mara mbili." Hanna akamweleza kwamba kila kumi inayoongezeka kwenye kipimo, nguvu ya kelele inazidi mara kumi: hatua ya kwanza mara kumi, ya pili mia, ya tatu elfu, na hapa tumeivuka ya tatu. Meneja akaendelea kukitazama kile kipimo. "Elfu?" akasema. Akatutazama sisi, mmoja mmoja. Sijawahi kumwona mtu akiwatazama watu aliowaona kila siku kwa namna ile.

Haikuwa muujiza. Ilichukua majuma na kukumbushana. Lakini mashine mpya sasa imejengewa kibanda cha mbao chenye sufi, chini imewekewa mipira, na kontena la misumari limetandikwa raba ili isianguke kwenye chuma kitupu. Tunabadilishana zamu, hakuna anayekaa kati ya mashine siku nzima. Kila mtu anavaa. Anayesahau, Nashipae humsimamia mbele mpaka akumbuke. Lile jina la Mama Pamba limekuwa la heshima.

Madrasa nimerudi. Siku ya kwanza nilimwita Twahira mbele ya watoto wote nikawaambia, "Huyu alisoma sawa. Mwalimu ndiye hakusikia." Akaangalia chini, akacheka. Sasa watoto hukaa mbele yangu, mmoja mmoja, uso kwa uso, na mimi natazama ulimi. Ustadh Muzammil anasikiliza, mimi naangalia. Ametania kwamba kwa sisi wawili wamepata mwalimu mmoja kamili.

Na kile kifaa nimekipata, kimoja, cha sikio la kulia. Nilivalishwa Jumatano. Kwanza nilidhani kimeharibika, maana kulikuwa na sauti ya kuchakarisha kila nikisogea. Kumbe ni shati langu. Shati lina sauti, Salwa! Nikatoka nje, kokoto zikalia chini ya viatu. Mtu alifungua karatasi ya andazi nikageuka. Nilisimama njiani kama mgeni aliyeshuka leo duniani, watu wakanipita. Thaa na siin bado nazichanganya, yule ndege sijarudi kumjaribu, na nyenze wangu wapo. Sijali. Nimepewa vingi mno kwa siku moja.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilifika nyumbani nikakaa kwenye kiti changu. Anti yako alikuwa ndani anachambua mchele, amenipa mgongo. Nikasikia sauti. Nikadhani ni redio ya jirani. Nikainuka nikasogea mlangoni. Ilikuwa ni yeye. Anaimba bila maneno, mdomo umefumbwa, sauti nyembamba inapanda na kushuka, hana haraka, kama mtu aliyefanya hivyo siku zote za maisha yake. Nilimwoa Batuli akiwa msichana. Miaka yote hii nikiulizwa mke wangu yukoje, najibu kwamba ni mtu wa kimya.

Sijui alianza lini. Huenda ameimba pembeni yangu tangu harusi. Nilisimama pale mlangoni mpaka miguu ikafa ganzi, sikutaka hata kupumua.

Nikisema kwamba namsikia, naogopa ataona haya, atanyamaza. Kwa hiyo usimwambie.

Akuhifadhi Mwenyezi Mungu kwa kila sauti aliyokuumbia.

Mjomba wako,
Mikidadi